Jibu la Mwanafunzi na Njia Aliyolipata

Katika mwaka 1973 mtafiti wa elimu ya hisabati huko Marekani, Stanley Erlwanger, alitoa habari za mtoto wa miaka 12 ambaye alimpa jina la Benny ili kulisitiri jina lake halisi, na tangu wakati huo habari hizo, ijapokuwa ni za mtoto mmoja tu, zimekuwa ushahidi unaorejewa mara kwa mara kila wanapokutana watu wa kujadili namna akili ya mwanadamu inavyopata maarifa. Benny alikuwa darasa la sita. Tangu darasa la pili alikuwa amesoma hisabati kwa mpango uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambao ulimpa kila mwanafunzi kazi zake za kuandika, ukamwacha aende kwa mwendo wake mwenyewe, ukampima mwishoni mwa kila hatua, na kumruhusu kuvuka kwenda hatua ya mbele alipopata alama 80 katika 100 au zaidi. Kwa kipimo hicho Benny alikuwa akiendelea vyema kuliko wenzake wengi, na mwalimu wake alimhesabu miongoni mwa walio bora.

Erlwanger alipoketi naye na kumwuliza, si jibu lako ni lipi, bali umelipataje, ndipo yaliyofichika yalipodhihiri. Sehemu 2/10 ilipotakiwa igeuzwe kuwa desimali, Benny aliandika 1.2, sehemu 5/10 aliiandika 1.5, na 400/400, ambayo kila mwenye kujua hisabu anajua kuwa ni moja kamili, yeye aliifanya 8.00. Alikuwa akijumlisha kiasi na asili, kisha akitia nukta mahali alipoona panafaa, na kwa kaida hiyo 4/11 na 11/4 zilikuwa sawasawa, zote mbili 1.5, wala hakuona ajabu yoyote. Alipojumlisha 0.3 na 0.4 alipata 0.07, kwa hoja kwamba tarakimu zilizo baada ya nukta ni mbili, moja huku na moja huku, kwa hiyo jibu nalo sharti liwe na tarakimu mbili baada ya nukta. Kaida hiyo ni sahihi kabisa mtu anapozidisha, na kwayo Benny alizidisha 0.7 kwa 0.5 akapata 0.35 pasipo kosa, lakini alikuwa ameichukua akaipeleka mahali pasipo pake. Fauka ya hayo, kwa kuwa karatasi ya majibu ilikubali umbo moja tu la kila jibu, mtoto huyu alikwisha kusadiki kwamba hisabati ni mkusanyiko wa kaida zilizotungwa na mtu fulani zamani, zisizo na sababu zaidi ya kuwa zimetungwa, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuwinda lile jibu ambalo karatasi inalitaka.

Mpango huo haukutungwa na watu wazembe, wala haukutungwa kwa dharau ya watoto. Asili yake ya mbali ni falsafa ya upozitivisti, aliyoipa jina na mwili Mfaransa Auguste Comte katika vitabu sita vilivyotoka baina ya mwaka 1830 na 1842, akidai kwamba akili ya mwanadamu imepita zama za kueleza mambo kwa miungu, ikapita zama za kueleza mambo kwa dhana zisizoshikika, na sasa imefika zama za kushikamana na yale tu yanayoonekana, yanayopimika, na ambayo kanuni zake zaweza kuthibitishwa na yeyote mwenye macho na subira. Roho hiyo iliingia katika saikolojia ya Marekani. Edward Thorndike alitoa mwaka 1898 utafiti wake wa paka waliofungiwa katika visanduku, akapima muda ambao kila paka alichukua kujinasua, akahitimisha kwamba tendo linalofuatwa na ridhaa hukita mizizi, na B. F. Skinner, aliyeandika mwaka 1954 juu ya namna ya kuifanya kazi ya kufundisha iwe sayansi, alitaka somo ligawanywe katika vipande vidogo vidogo, na kila jibu sahihi lituzwe papo hapo. Yanayopita ndani ya kichwa cha mwanafunzi, kwa kuwa hakuna awezaye kuyaona, hayakuhesabiwa kuwa maudhui ya sayansi.

Insafu yataka tuseme kwamba wapozitivisti waliwatendea watoto wema mkubwa. Kabla yao mwalimu aliweza kumtangaza mtoto kuwa ni mjinga wa kuzaliwa, na hukumu hiyo haikudaiwa ushahidi. Wao walidai ushahidi. Skinner aliipinga kwa nguvu adhabu darasani, akaonyesha kwamba mtoto anayeshindwa aghalabu ameshindwa kwa sababu somo limepangwa vibaya. Sioni haya kusema kwamba mengi ya hayo bado ni ya kweli, na kwamba shule inayokataa kabisa kupimwa huwa inawaficha wale wanafunzi wake walioachwa nyuma. Kasoro yao ilikuwa moja, lakini ilikuwa katika msingi: madhali jibu ndilo linaloonekana, walilichukua jibu kuwa ndiyo maarifa yenyewe. Alama 80 za Benny zilikuwa za kweli. Zilipimwa kwa uaminifu, na hazikueleza chochote juu ya fahamu iliyozizaa.

Miaka hamsini kabla ya Benny, kijana Mswisi Jean Piaget, ambaye ujanani mwake alikuwa mtaalamu wa konokono na jamii yake, alikuwa Paris akipewa kazi ya kuwauliza watoto maswali ya mtihani wa akili, ili ipatikane hesabu ya wangapi katika kila umri wanaojibu sawa. Kazi hiyo ilikuwa ya kipozitivisti tupu. Lakini Piaget alivutwa na majibu yaliyokosewa kuliko yaliyokuwa sahihi, kwa kuwa aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosa kwa namna moja, na kosa ambalo wengi hulifanya kwa namna moja haliwezi kuwa bahati mbaya. Lina mantiki yake, nayo ni mantiki ya mtoto. Mtoto wa miaka mitano anayeona maji yakimiminwa kutoka katika chombo kipana kuingia katika chombo chembamba kirefu husema kwamba sasa maji yamezidi, na ukimwambia kuwa hayakuzidi atakusikia kwa adabu na kuendelea kuamini alivyoamini. Katika miaka mingi iliyofuata Piaget alifafanua kwamba akili hulichukua jambo jipya na kulilazimisha liingie katika fahamu iliyokwisha kuwapo, na pale tu linapokataa kuingia ndipo fahamu yenyewe inapolazimika kubadilika umbo. Hiyo ndiyo nadharia ya ujenzi wa maarifa: kwamba maarifa hayahamishwi kutoka kichwa hiki kwenda kichwa kile, bali kila mtu huyajenga kwa vifaa alivyo navyo.

Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, yaani 1896, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, aliongeza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: kwamba ujenzi huo si wa upweke. Lugha ambayo mtoto anafikiri kwayo aliipata kwa watu, na baina ya yale anayoyaweza peke yake na yale asiyoyaweza kabisa kuna eneo la yale anayoyaweza akisaidiwa na mjuzi. Na mafundisho yenye manufaa ni yale yanayoangukia katika eneo hilo.

Hapa ndipo panapotokea kosa ambalo ningependa lisahihishwe, kwa kuwa linagharimu sana katika shule zetu. Mitaala ya umahiri, iliyoanza kuingia katika shule za sekondari za Tanzania mwaka 2005, na ambayo Kenya ilianza kuijaribu mwaka 2017, imesimama kwa sehemu kubwa juu ya fikra za Piaget na Vygotsky. Lakini aghalabu fikra hizo humfikia mwalimu zikiwa zimegeuzwa kuwa amri za mwenendo: waketishe katika vikundi, tumia mbinu shirikishi, bandika bango kitita ukutani, usihutubu. Nadharia ya ujenzi haikusema hivyo. Imesema kwamba mwanafunzi hujenga wakati wote, akiwa katika kikundi au akiwa amekunja mikono kimya mbele ya mhadhara, akifundishwa vizuri au akifundishwa vibaya. Benny alisoma kwa mpango usioamini ujenzi hata kidogo, na bado alijenga jengo zima la kaida, lenye vyumba na milango, ila halikusimama juu ya msingi wa hisabati. Mwalimu hapewi hiari ya kuamua kama wanafunzi wake watajenga. Hiari aliyo nayo ni kulitazama jengo au kutolitazama.

Kwa sababu hiyo lawama nyingi zinazotupwa juu ya nadharia hii hulipiga jambo jingine. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala mashuhuri wakidai kwamba kumwacha mwanafunzi mgeni wa somo agundue mambo kwa uongozi mdogo kunamlemea, kwa kuwa kumbukumbu inayofanya kazi kwa wakati mmoja ni finyu, na kwamba humfaa zaidi aonyeshwe mifano iliyokwisha kukokotolewa hatua kwa hatua. Naona wamesema kweli. Lakini mfano uliokokotolewa vizuri ni kifaa bora cha ujenzi, na mwalimu anayesimama ubaoni kwa nusu saa akieleza kwa utaratibu, huku akijua darasa lake linaamini nini kabla hajaanza, ni mfuasi wa Vygotsky kuliko yule anayegawa karatasi kwa vikundi na kwenda kuketi.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaopindukia mpaka hudai kwamba, maadamu kila mtu hujenga maarifa yake, basi kila jibu ni sahihi kwa mwenyewe. Erasto Mpemba hakutaka fadhila hiyo. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba huko Tanganyika, alitia katika friji maziwa ya aiskrimu yangali moto, kwa kuogopa kukosa nafasi, akakuta baadaye kwamba yake yameganda ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, hayajaganda. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, baada ya kusoma kanuni ya Newton ya upoaji, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya kauli hiyo mzaha. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoizuru shule hiyo alilipokea swali lile lile mbele ya wanafunzi waliocheka, akaahidi kulijaribu, akalijaribu. Na mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja. Wataalamu wangali wakihitilafiana kama jambo hilo hutokea daima, au kwa masharti gani, lakini wanahitilafiana kwa vipimajoto. Mwalimu aliyemnyamazisha kijana hakuwa mfuasi wa ujenzi, wala hakuwa mpozitivisti, kwa kuwa mpozitivisti wa kweli angepima.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hawezi kumwuliza kila mmoja amelipataje jibu lake. Lakini makosa ya watoto, kama Piaget alivyoona, hayako 80. Huwa ni matatu au manne, yanayorudiwa na wengi, na mtihani wa kuchagua waweza kutungwa ukayakamata. Swali la 0.3 kujumlisha 0.4 lipewe majibu 0.7, 0.07, 0.12 na 0.34, na idadi ya mikono iliyoinuliwa kwa kila jibu iandikwe ubaoni. Aliyechagua 0.12 amezidisha, aliyechagua 0.34 amepanga tarakimu ubavu kwa ubavu, aliyechagua 0.07 amebeba kaida ya kuzidisha akaileta katika kujumlisha, naye hafai kuambiwa tu kwamba amekosa, kwa kuwa kaida yake imempa majibu sahihi mara nyingi. Mpe rula ya mita, aonyeshe ilipo 0.3 ya mita, aongeze kutoka hapo 0.4, kisha aitafute 0.07 iko wapi.