Kadari kwenye Daraja la Rusumo

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Tukisoma habari za wakimbizi hawa, sisi wahakiki tunaharakisha mno kusema "ni kadari", basi, mjadala umekwisha. Lakini neno hilo tumelipokea kutoka Uislamu, na huko halifungi mjadala hata kidogo. Mungu anajua litakalotendeka. Kujua siyo kusukuma. Khalifa Umar alipogeuza msafara kuikwepa tauni ya Shamu, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari. Alikubali, ila akasema anakokimbilia nako ni kadari ya Mungu. Waashari nao hufundisha kuwa Mungu huliumba tendo, mtu hulichuma (neno gumu, lakini ndilo lenyewe), kwa hiyo hesabu ni yake. Sasa tazama: kati ya waliokimbilia Tanzania walikuwamo watoto wasio na hatia, alikuwamo pia Sylvestre Gacumbitsi, meya wa Rusumo. Mhakiki akisema wote ni wahusika wa kadari tu, amewachanganya. Mahakama ya Arusha ilimtia meya hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2004, na rufaa ya 2006 ikampa kifungo cha maisha.