Mgombea Udiwani Akija Kijijini, Mwulizeni Haya

Hapa Tanzania kila baada ya miaka mitano hufika majira ambayo si ya mvua wala ya mavuno. Gari la vipaza sauti hupita, watoto hulikimbilia, na jioni watu hukusanyika chini ya mwembe kumsikiliza mtu anayeomba kura za udiwani. Maneno yake ni matamu. Ataleta barabara, maji, umeme, zahanati na soko. Akina mama hupiga vigelegele, wanaume hupiga makofi, kisha mkutano huvunjika bila mtu hata mmoja kuuliza swali.

Leo twataka kusema nanyi juu ya maswali hayo yasiyoulizwa. Hatuwaambii mchague nani, wala chama gani. Hilo ni lenu. Lakini mtu atapimaje ahadi ikiwa haijui kazi yenyewe?

Diwani ni mjumbe wa kata yenu katika halmashauri, iwe ya wilaya, ya mji, ya manispaa au ya jiji. Wazee watakumbuka kwamba halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, na zile za wilaya zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika Baraza la Madiwani ndimo bajeti inamopitishwa, na ndimo zinamotungwa sheria ndogo, kama zile za ushuru wa soko na usafi. Huku katani, diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wa vijiji vyenu ni wajumbe wake. Hana mfuko wake wa kujengea daraja. Ana sauti, ana kura moja barazani, na ana miguu ya kufuatilia mambo.

Sasa rudini kwenye zile ahadi. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zimo mikononi mwa wakala wa serikali uitwao TARURA. Maji ya vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019, yalikabidhiwa RUWASA. Umeme ni kazi ya TANESCO na REA. Basi mgombea akisimama na kusema, “Nitawaletea lami na bomba,” ameahidi kazi ya watu wengine. Pengine hajui, pengine ajua sana. Mwulizeni kwa upole: “Ndugu mgombea, barabara yetu utaisemea wapi, kwa nani, na kabla ya mwezi gani?” Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla ya hapo. Diwani anayeamka mwezi wa Juni hukuta fedha zimekwisha gawanywa.

Kuna jambo moja ambalo ni la halmashauri hasa, nalo latuuma kuliko yote: zahanati. Katika vijiji vingi wananchi wamefyatua matofali, wamebeba mawe na mchanga vichwani, wametoa michango nyumba kwa nyumba, na kuta zikasimama hadi kwenye linta. Kazi yao ikaishia hapo, wakingoja halmashauri iezeke na kumalizia. Mara nyingi hungoja mvua baada ya mvua. Majani huota ndani, matofali humomonyoka, na mbuzi hupata pa kulala. Wakati huo mama mwenye uchungu hubebwa kwa baiskeli au machela usiku kwenda zahanati ya mbali, na si kila mara hufika salama yeye na mtoto.

Mahali penye boma la namna hiyo, swali la kwanza liwe hilo. Msimwulize kama atajenga zahanati, maana atajibu ndiyo. Mwulizeni kama boma lililopo litaezekwa kabla ya kuanza jingine lolote katani. Mwulizeni tena kama atadai mganga na dawa, kwa kuwa bati peke yake haliponyi mtu. Akiwa na vijiji vitano katika kata, atawaambia nini wale wanne watakaongoja? Mgombea awezaye kujibu hilo mbele ya watu, bila kuahidi kila kijiji kuwa cha kwanza, huyo amefikiri.

Kisha ulizeni juu ya fedha. Katika halmashauri nyingi za vijijini, sehemu kubwa ya mapato ya ndani hutokana na ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ulipata nafuu wewe mwenye gunia, lakini mfuko wa halmashauri ulipungua pia. Mgombea anayeahidi kufuta kila ushuru na papo hapo kujenga kila kitu, mwulizeni atachota wapi.

Vijana na akina mama wasikae kimya. Mwaka 2018 sheria iliagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika mgawo wake, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Mwulizeni mgombea kama atawasaidia kuandikisha kikundi chenu, au kama habari hizo zitaishia kwa jamaa zake walio karibu na ofisi.

La mwisho ni kurudi kwake. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Mwulizeni kama atafika kueleza baraza limeamua nini. Mtoto wenu aliye sekondari na aandike majibu yote kwenye daftari, pamoja na tarehe, ayasome kwa sauti mbele ya mgombea mwenyewe kabla hajapanda gari. Nakala moja abaki nayo mwenyekiti wa kijiji, na nyingine mpeni mgombea aende nayo.