Kiduha Hakishindwi kwa Jembe Peke Yake

Mkulima wa Masasi au Newala akiona mahindi au mtama wake umedumaa na kunyauka hali udongo bado una unyevu, aghalabu hulaumu mbegu. Majuma machache baadaye, kuzunguka mashina yaleyale, huchomoza mmea mfupi wenye maua mekundu: kiduha. Hapo ndipo jembe hushikwa, na hapo kazi huwa imechelewa. Kiduha hakigombanii jua na nafasi kama magugu mengine. Ni kimelea: hujishikiza kwenye mzizi wa zao na kufyonza maji na chakula kikiwa bado chini ya ardhi, kwa majuma kadhaa kabla hakijaonekana. Kwa hiyo anayehesabu ushindi kwa mimea aliyong'oa anahesabu vibaya. Vita halisi ni dhidi ya akiba ya mbegu iliyomo udongoni, na dhidi ya uchovu wa udongo unaoiamsha akiba hiyo.

Mmea mmoja huweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo mno, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki ovyo. Zikishalowa mvua, husubiri kemikali zinazotolewa na mizizi, ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba. Mmea hutoa kemikali hizo kwa wingi zaidi unapokosa fosforasi, kwa sababu ndizo zinazowaita kuvu wa udongoni wanaousaidia kuipata. Mahindi yenye njaa hupiga yowe la kuomba msaada, na kiduha hulisikia. Ndiyo sababu udongo wa kichanga, unaolimwa nafaka mfululizo bila samadi wala mbolea, huwa makao yake mazuri, na ndiyo sababu palizi peke yake haimalizi tatizo mahali ambapo rutuba imekwisha.

Lakini kasoro ya kiduha imo humohumo. Pamba huziotesha mbegu za kiduha ilhali yenyewe haishambuliwi, na mbegu iliyoota bila kupata mzizi wa kujishikiza hufa baada ya siku chache. Marekani, ambako kiduha kiligunduliwa katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, walitumia hila hiyohiyo kwa kuingiza gesi ya ethileni ardhini ili mbegu ziote na kufa. Eneo lililovamiwa lilipungua sana, ila kwa gharama za serikali zilizoendelea kwa miongo. Mkulima wetu anaweza kutumia mazao yanayofanya kazi inayofanana: karanga, ufuta, mbaazi, na marejea ya kurutubisha udongo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina za karanga kama Masasi 2009 na Mnanje 2009, hivyo zao la kubadilishana na nafaka linaweza pia kuwa zao la fedha. Tahadhari ni kwenye kunde na njugu mawe: zina kimelea chao, alektra, chenye maua ya manjano, kwa hiyo zisirudiwe shamba moja kila mwaka.

Wapo watakaosema kwamba kaya yenye ekari mbili haiwezi kuacha nafaka msimu mzima. Ni kweli, lakini mkulima halazimiki kuacha nafaka shamba lote. Aanze na kipande kilichoathirika zaidi, akihamishe mwaka hadi mwaka, na kwingine achanganye mbaazi na mahindi. Wengine watauliza mbolea itatoka wapi. Gao la samadi katika kila shimo la mbegu hulisha zao moja kwa moja kuliko kuitawanya shamba zima. Wengine hutegemea mbegu kinzani. Aina za mtama Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2002, ni msaada mkubwa. Zinatokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Hata hivyo ukinzani hupunguza kiduha, haumalizi mbegu zilizokwisha kulala, na familia inayopenda ugali wa mahindi haitahamia mtama kwa agizo. Dawa ya magugu nayo, ikipulizwa kiduha kikishachomoza, huua kilichokwisha kudhuru, na baadhi yake huunguza mbaazi na karanga zilizo kando.

Kung'oa bado kuna faida, mradi kufanywe kabla maua hayajafunga mbegu, kisha mimea ichomwe. Jembe lisafishwe kabla ya kuhama shamba, na mbegu isichukuliwe shamba lenye kiduha. Maji ya mvua yanayobeba mbegu hayajui mpaka wa shamba, kwa hiyo serikali za vijiji na maofisa ugani walifanye jambo hili la kijiji kizima. Kabla mvua hazijaanza, kila kaya ichague kipande kimoja kitakachopumzishwa nafaka msimu ujao.