Madume wa kasa watatoka wapi?

JE, msomaji, wajua kwamba kinachoamua kama kasa atakuwa dume au jike ni joto la mchanga? Ndiyo, mchanga ule ule ambao watoto huuchezea ufuoni!

Hebu tufike Heron, kisiwa kidogo cha Australia kilicho kiasi cha kilomita 80 kutoka mji wa Gladstone. Urefu wake ni kama mita 800, na upana mita 300 hivi. Waweza kukizunguka kwa miguu na saa moja isiishe.

Zamani, adui wa kasa wa hapa alikuwa chungu. Katika miaka ya 1920 palikuwa na kiwanda kisiwani. Kasa waliopanda ufuoni kutaga walikamatwa, wakapikwa supu na kutiwa mikebeni. Lakini tangu mwaka 1951 pana kituo cha utafiti wa bahari, ambacho sasa ni cha Chuo Kikuu cha Queensland. Moto ulikiteketeza mwaka 2007, kikajengwa upya. Wanafunzi na wataalamu huja kuchunguza matumbawe, samaki na kasa hao hao.

Adui wa leo ni joto. Kasa hutaga mayai kama 100, akayafukia na kurudi zake baharini. Haatamii kama kuku. Kazi hiyo humwachia mchanga. Joto likiwa karibu digrii 29, madume na majike hukaribia kulingana. Likizidi, majike huongezeka. Likipungua, huongezeka madume.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulishtua wengi. Kati ya kasa wachanga waliotoka fuo za kaskazini mwa Great Barrier Reef, ambako kuna joto zaidi, zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa majike! Kusini, upande wa Heron, majike walikuwa kama 65 hadi 69.

Huenda ukauliza, "Ya Australia yanihusu nini?" Kasa hao wa kijani ni aina ile ile inayotaga Watamu na Lamu, na mayai yao hufuata kanuni hiyo hiyo. Tena kasa huchukua miaka mingi kukomaa. Upungufu wa madume wa leo utajulikana majike watakapokosa wenzi, wakati watoto wako wameshakuwa wazazi.

Basi mkienda Pwani likizoni, msifukue viota wala kuwamulika kasa kwa tochi. Na mwenye kiwanja ufuoni asiikate miti ovyo, kwani kivuli chake ndicho kinachoupoza mchanga.