Silinda Nane Zilizolala

Ukishuka kutoka Ngara na kuvuka Mto Nairobi unatokea Barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi wa magari hadi leo huiita Grogan. Huko ndiko nilikokuta bloku ya Subaru juu ya meza ya mbao, oili nyeusi ikichuruzika kwenye karai. Fundi alikuwa ameinama, koleo nyembamba mkononi, akipekua ndani ya tundu la kutosha vidole viwili. "Ngoja kidogo, mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Hii klipu ikidondoka ndani, usiku utatukuta hapa." Klipu ikatoka. Akaifuata pini ya pistoni, akaivuta taratibu, na konrodi ikaachana na pistoni mle gizani, kwa kupapasa tu.

Injini nyingi hazina taabu hii. Pistoni huchomolewa kwa juu. Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili zinatazama kushoto, mbili kulia, na bloku ni vipande viwili vinavyoibana krankishafti katikati kama viganja. Pistoni zinazoelekeana hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama mabondia wanaogonganisha glavu kabla ya pambano. Karl Benz ndiye aliyebuni mpangilio huo mnamo 1896. Pistoni moja ikiuvuta mwili wa injini huku, ya pili inauvuta kule kwa nguvu ileile, na nguvu hizo zinafutana.

Zinafutana karibu zote. Pistoni mbili zinazoelekeana haziwezi kukaa kwenye mstari mmoja kamili, kwa kuwa kila moja ina shingo yake kwenye krankishafti, na shingo hizo zimefuatana. Pengo hilo la sentimita chache huifanya injini ijipinde kidogo, kulia na kushoto, kama mtu anayetikisa kiuno, mara mbili katika kila mzunguko.

Sasa chukua injini mbili za namna hiyo, uziunganishe moja nyuma ya nyingine, lakini krankishafti ya nyuma uigeuze robo ya mzunguko. Kwa kuwa mtikisiko huja mara mbili kila mzunguko, robo hiyo inatosha kuupindua: ya mbele ikijipinda kulia, ya nyuma inajipinda kushoto, na mtikisiko unakufa. Milipuko nayo, iliyokuwa ikija kila nyuzi 180, sasa inakuja kila nyuzi 90. Nilipoichora hesabu hii mara ya kwanza niliitazama muda mrefu. Sijui hesabu nyingine ya injini inayonifurahisha kama hiyo.

Porsche waliijenga injini ya silinda nane zilizolala kwa ajili ya mbio. Mwaka 1962 Dan Gurney alishinda nayo mashindano ya Ufaransa huko Rouen, ikiwa na lita 1.5 tu na ikipozwa kwa upepo. Mwaka 1968 ikaja ya gari la 908, lita 3, nguvu farasi zipatazo 350. Mwaka uliofuata wakaitia kwenye magari mawili tu ya 914 ya kutembelea barabarani. Moja lilikuwa zawadi ya Ferry Porsche alipotimiza miaka 60.

Ugumu wake uko kwenye krankishafti. Chuma kirefu hujinyonga. Kila mlipuko husukuma shingo moja ilhali ncha ya mbali inachelewa kufuata, sawa na nguo inayokamuliwa; na kuna kasi ambayo minyongo hiyo hupokezana na kukuzana mpaka chuma kinakatika. Ndiyo maana kwenye gari la 917 la silinda 12 Porsche walichukua nguvu katikati ya krankishafti badala ya mwishoni.

Nairobi inazijua injini zilizolala. Volkswagen Kobe alishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978. Subaru Impreza ilishinda na Colin McRae mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Hata ule mngurumo wa kukatikakatika unaousikia usiku Barabara ya Thika una asili yake: milipuko inafuatana sawasawa, ila mabomba ya moshi hayana urefu mmoja, basi sauti zinafika nje kwa kupishana.

Kwa hiyo mtu akitaka kulitilia gari la zamani la mbio injini ya silinda nane zilizolala, vitu vingi vipo Grogan. Injini ya EJ20 ya Subaru ina silinda za kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75. Mbili zinatoa karibu lita 4. Silinda hedi, pistoni, konrodi, vyote unavipata. Usichokipata ni bloku ndefu, na krankishafti moja ya shingo nane, iliyokerezwa kutoka chuma kimoja, ikatiwa moto na kusawazishwa.

Nilimweleza yule fundi wazo hili. Akafuta mikono, akatafuta krankishafti mbili kuukuu, akazilaza mezani ncha kwa ncha. Akaigeuza ya pili robo mzunguko, akachungulia shingo zake kwa jicho moja. Kisha akaweka kidole chenye grisi pale zilipokutana.

"Hapa," akasema, "ndipo patakatika."