INTANETI YA NYUMBANI IMEKATA NA ODA ZINASUBIRI? SOMA HAPA KABLA HUJANUNUA RUTA MPYA



Tuseme uko zako Mgwashi. Asubuhi umepiga picha za peasi, umeweka status, na mteja wa Dar anauliza: "Dada, matenga mawili yananifikia lini?" Unataka kumjibu, kiduara kinazunguka tu. Jioni mtandao unarudi, mteja kashanunua kwa mwingine. Inauma!

Hapo wengi tunakimbilia kununua ruta mpya. Subiri kwanza. Gari la mzigo linaloshuka Mombo likichelewa, unauliza limekwama wapi. Na intaneti ni hivyo hivyo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Ni simu yako au ni wote?
Jaribu simu nyingine kwenye waifai hiyo hiyo. Ikifanya kazi, ruta ni nzima. Kwenye simu yako futa jina la waifai hiyo, kisha ingia upya na nenosiri.

2. Angalia bando.
Waifai kuonekana imejaa hakumaanishi intaneti ipo. Ile alama inaonyesha simu na ruta tu vinavyoshikana. Bando likiisha, alama inabaki imejaa vile vile.

3. Zima, uwashe.
Chomoa ruta kwenye umeme, hesabu sekunde 30, rudisha, kisha ipe dakika 2 au 3. Ila ANGALIA: usichokonoe kile kitundu kidogo cha kubonyeza kwa sindano. Kinafuta jina, nenosiri na mipangilio yako yote, na unaweza kujiongezea tatizo la pili.

4. Inajizima na kujiwasha yenyewe?
Shuku adapta, hasa kama umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Ukinunua nyingine, volti ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisipungue. Chaja kuingia kwenye tundu siyo sababu ya kuitumia. Ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 unaiunguza.

5. Hamisha ruta.
Huku milimani hapa ndipo penye shida kubwa. Ruta ya laini inatafuta mnara, na mgongo wa mlima ukikaa katikati, mawimbi yanafika yamechoka. Bati nalo linayazuia. Kwa hiyo usiifiche kabatini au nyuma ya TV. Iweke juu, karibu na dirisha la upande wenye mnara. Kila ukihamisha, subiri dakika 2, tuma picha moja, uone inachukua muda gani. Dirisha hili na lile yanaweza kutofautiana sana.

6. Jaribu laini kwenye simu.
Kama laini yako haijafungwa kutumika kwenye ruta tu, itoe uiweke kwenye simu. Ikishika vizuri, tatizo ni ruta. Isiposhika, ruta mpya haitakusaidia: piga huduma kwa wateja.

7. Waulize majirani.
Wa mtandao huo huo nao hawana? Basi siyo wewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku ile hata ungenunua ruta tatu, wapi!

Je, inashika ila ni nzito? Labda nenosiri lako mtaa mzima wanalo. Libadilishe. Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Zima pia simu kujipakulia video na kuhifadhi picha zenyewe.

MPANGO WA AKIBA: Kuwa na laini ya mtandao mwingine yenye bando dogo, uwashe hotspot siku ya shida. Na namba za wateja wako wakubwa ziandike kwenye daftari. Mtandao ukilala, meseji ya kawaida inatosha: "Oda yako nimeiona, nakujibu bei jioni." Mteja aliyejibiwa anasubiri, asiyejibiwa anahama.

Wewe kwako ruta inashika vizuri ukiiweka wapi? Tuandikie hapo chini, na mtumie mwenzako anayetaka kununua ruta mpya leo!