Mkono Uliopooza Unataka Kazi

Msomaji wetu wa Tanga ameandika kuhusu mumewe, fundi cherehani aliyepata kiharusi miezi saba iliyopita. Maneno yamerudi na anatembea kwa mkongojo, ila mkono wa kulia umebaki mzito: vidole vinakunjika, kukunjuka ni kwa shida. Mama mkwe anataka alishwe. Mwenyewe anakula kwa kushoto, kichwa kainamisha kwa aibu. "Nimlishe, nimwache na huo wa kushoto, au nisubiri ahangaike na wa kulia?"

Dada yangu, subiri. Na usione kwamba unamtesa.

Habari za mshipa kuziba au kupasuka sitazirudia. Kila aliyeuguza wodini amekwishazisikia. Ninalotaka tulitazame ni lile linalotokea baadaye, katika sehemu ya ubongo iliyobaki hai.

Juu ya ubongo umo ukanda unaoamuru misuli. Vidole vina eneo lao humo, tena kubwa, na kiwiko na bega ni majirani. Mipaka yao ni kama ya mashamba ya urithi, ile inayotambulika kwa mnazi na kisiki. Shamba lisipolimwa, msimu wa kwanza jirani hupitisha mbuzi, wa pili hupanda mihogo pembezoni, wa tatu anaapa kwamba ni la babu yake. Kiharusi kimeunguza katikati ya shamba la vidole, lakini kingo zake bado zina rutuba. Mwenyewe asiporudi na jembe, kiwiko na bega huzichukua. Akirudi kila siku, kingo hubaki zake, na pengine humega hata kipande cha jirani.

Hayo yalionekana kwa kima wadogo wa Amerika Kusini, katika utafiti wa Randolph Nudo na wenzake uliochapishwa mwaka 1996. Kima walioumizwa sehemu ndogo ya eneo la mkono kisha wakaachwa bila mazoezi walipoteza hata eneo la jirani lililokuwa zima. Waliofundishwa kuchokoa chakula katika vishimo vidogo, tena kwa mkono ulioathirika, walilihifadhi. Kwa baadhi yao, vidole vilienea hadi kwenye maeneo ya kiwiko na bega.

Basi kwa nini mgonjwa huuacha mkono wake? Edward Taub wa Marekani alikata neva za hisia za mkono mmoja wa kima. Misuli ilikuwa mizima, na neva za kuiamuru pia, lakini kima aliacha kabisa kuutumia. Alipofungwa ule mzima, aliutumia. Taub alieleza kuwa siku za mwanzo mkono hujaribu ukashindwa, huku ule mwingine ukifanikiwa kila mara. Mazoea hayo hubaki hata nguvu zinaporudi. Ndiyo maana naogopa kijiko cha mama mkwe. Kinabeba mapenzi matupu, na kila kinapofika mdomoni ubongo unafundishwa kwamba mkono wa kulia hauna kazi.

Kliniki peke yake haitoshi. Mwaka 2009 watafiti waliohesabu mazoezi katika vituo vya Marekani na Kanada walikuta wastani wa mara 32 tu za kuutumia mkono kwa kazi halisi katika kipindi kimoja cha tiba. Kima hufanya mamia kwa siku. Mamia hayo yako nyumbani: kuchambua vifungo vya shati, kukunja vitambaa, kuchagua mchele, kufuta meza, kushika kikombe kisicho na chai ya moto. Mkono usivutwe begani, ule mzima usifungwe akiwa anatembea, na dawa za presha ziendelee.

Wala usibebe peke yako. Mwigizaji Patricia Neal alipopata kiharusi mwaka 1965, mumewe, mwandishi Roald Dahl, aliwaita majirani wa kijiji chao Uingereza wapokezane kumshughulisha kwa saa kadhaa kila siku. Mwaka 1968 Neal alionekana tena kwenye filamu. Nawe una mashemeji, una watoto, una wanafunzi wa cherehani. Wapangie zamu.

Wanaokwambia kwamba miezi saba imepita na kisichorudi hakirudi tena, wajibu hivi: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla, wenye uwezo kidogo wa kukunjua vidole na kiganja. Waliovalishwa glavu kwenye mkono mzima na kufanyishwa kazi ule dhaifu kwa wiki mbili waliutumia vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa bado ipo. Siku ya kliniki nenda naye, umwambie mtaalamu wa fiziotherapia akupe kazi za vidole za kufanya nyumbani kila siku, na akuonyeshe kila moja kwa mikono yake kabla hamjaondoka.